Kwa nini selimundu haitoweki yenyewe, na mwanahisabati anaingiaje humo?

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari mkoani Mwanza. Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kliniki wanatusisitizia anywe maji mengi na asipigwe na baridi, lakini hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini maji yawe na uzito kama wa dawa. Jambo la pili linanisumbua zaidi. Ugonjwa huu umeua watoto kwa karne nyingi kabla hawajafikia umri wa kuzaa. Iweje kinasaba chake kisitoweke? Nimesikia pia kwamba mtaalamu wa hisabati safi, ile isiyotafuta matumizi, ana mkono katika jibu la swali hilo. Je, ni kweli, au ni maneno ya kuwavutia wanafunzi tu?

Jibu: Mwalimu, poleni sana kwa kuuguza. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mwanahisabati huyo kweli yupo, na alichokifanya ni kifupi kuliko kinavyosimuliwa: kurasa chache za hesabu ambazo wanafunzi wako wa kidato cha pili wanaziweza bila taabu.

Jina lake ni G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge, bingwa wa nadharia ya namba, yule yule ambaye mwaka 1913 alipokea barua ya Mhindi Ramanujan kutoka Madras na kutambua kwamba aliyeiandika si mtu wa kawaida. Mwaka 1908 alijiwa na Reginald Punnett, mwanabaiolojia aliyezoea kucheza naye kriketi, akiwa na swali lililomshinda kulijibu mbele ya hadhira ya madaktari London. Wakati huo sheria za urithi za Mendel zilikuwa zimefufuliwa miaka minane tu iliyotangulia, na watu wengi waliamini kwamba tabia tawala, yaani ile inayojitokeza hata mtu akiirithi kwa mzazi mmoja tu, ni lazima ienee kizazi baada ya kizazi mpaka iwameze wengine. Punnett alihisi kuna kosa katika hoja hiyo, ila hakujua liko wapi.

Jibu la Hardy lilikuwa la namna hii. Chukulia kwamba kila mtu ameshika kadi mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na kila kadi imeandikwa A au S. Anapopata mtoto humpa kadi moja kati ya hizo mbili, bila kuchagua. Ikiwa katika jamii nzima sehemu p ya kadi zote ni A na sehemu q ni S, na watu wanaoana bila kuangaliana kadi (na nani huziangalia?), basi watoto wenye AA watakuwa p², wenye AS watakuwa 2pq, na wenye SS watakuwa q². Sasa hesabu kadi walizoshika watoto hao. Za A ni p² ukijumlisha na nusu ya 2pq, yaani p(p + q). Na kwa kuwa p + q ni 1, jibu ni p ile ile uliyoanza nayo. Hakuna kilichoenea wala kilichopungua. Kadi haipati faida kwa kuwa tawala wala hasara kwa kujificha, na anayeona kadi fulani ikiongezeka au ikipungua inampasa atafute sababu nje ya hesabu hiyo: kifo, uhamaji, badiliko jipya la kinasaba, au bahati nasibu katika jamii ndogo.

Hardy aliipeleka hesabu hiyo kama barua kwa jarida la Science, likaichapisha mwezi Julai 1908. Aliianza kwa kuomba radhi kwa kuingilia mambo ambayo si fani yake, akasema kwamba kinachohitajika ni hisabati ya kiwango cha jedwali la kuzidisha. Nadhani aliona haya kidogo. Hakujua kwamba miezi michache kabla yake Wilhelm Weinberg, daktari wa Stuttgart, Ujerumani, alikuwa ameeleza jambo hilo hilo kwa Kijerumani. Ilichukua mpaka mwaka 1943 ndipo jina la daktari huyo likaanza kuunganishwa na la mwanahisabati. Mwaka 1940, akiwa mzee, Hardy aliandika kwa fahari kwamba hakuna ugunduzi wake hata mmoja ulioleta tofauti yoyote duniani, kwa heri wala kwa shari. Inaelekea ile barua ya 1908 hakuihesabu kabisa kuwa hisabati, na hapo ndipo alipojidanganya, kwa sababu leo hakuna anayesoma vinasaba vya jamii yoyote bila kuanzia kwenye mstari wake.

Mstari huo ndio unaofanya swali lako la pili liwe zito. Hesabu ya Hardy inasema kadi hubaki pale zilipo ikiwa hakuna kinachozisukuma. Lakini S ndiyo kadi ya selimundu: mtoto mwenye SS ndiye mgonjwa, na kabla ya dawa za leo mara nyingi alikufa kabla ya kuzaa, na kila alipokufa aliondoka na kadi mbili za S. Kwa hiyo S inasukumwa chini kila kizazi. Mbona haishuki?

Kabla ya kujibu, nikueleze kadi yenyewe ni kitu gani, kwa maana hapo ndipo fizikia na kemia zilipoingia. Nilipokuwa mwanafunzi tulifanya kipimo cha zamani cha selimundu katika maabara: tone la damu juu ya kioo, tone la kemikali inayoondoa oksijeni, kioo chembamba juu yake, kisha kingo zinazibwa hewa isipite. Mwanzoni unaona seli nyekundu za mviringo, zilizobonyea katikati kama kitumbua kilichokandamizwa kwa kidole gumba. Baada ya muda moja inapata kona, ya pili inarefuka, na ukirudi kutoka kunywa chai kioo kizima kimejaa miundu, yaani seli zilizopinda kama mundu. Damu ile ilikuwa ya mwenzetu mmoja, mchezaji mpira, ambaye hakuwahi kulazwa hospitali maishani mwake. Alikuwa na AS. Kipimo hicho kinaonyesha miundu kwa mwenye AS na kwa mwenye SS vile vile, na kwa sababu hiyo kwa miaka mingi madaktari walidhani ni ugonjwa mmoja wenye makali tofauti.

Hali hiyo ilifumbuliwa mwaka 1949 na kazi mbili zilizofanyika mbalimbali. James Neel, mtafiti wa vinasaba huko Michigan, alipima wazazi wa watoto wagonjwa na kuonyesha kwamba wazazi wote wawili huwa na miundu bila kuumwa, yaani mgonjwa ni yule aliyepewa kadi ya S na kila upande. Mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake wa California walichapisha matokeo ya jaribio la kifizikia. Pauling alikuwa mkemia aliyelelewa katika fizikia ya kwanta, na mwaka 1945 alikuwa amesikia kutoka kwa daktari William Castle kwamba seli hizi hujikunja pale tu oksijeni inapopungua. Kwa kuwa kinachobeba oksijeni ndani ya seli ni himoglobini, alihisi mara moja kwamba kosa limo ndani ya himoglobini, si katika ngozi ya seli. Mwanafunzi wake Harvey Itano na wenzake waliiweka himoglobini katika mkondo wa umeme na kuona kwamba ya wagonjwa inasafiri kwa mwendo tofauti na ya watu wenye afya, maana chaji zake za umeme si zile zile. Damu ya wazazi wao ilikuwa na aina zote mbili, zikiwa zimechanganyika. Kipimo hicho cha umeme, kwa sura mbalimbali, ndicho kinachotumika mpaka leo kutenganisha AS na SS.

Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi katika maabara ya wanafizikia wa Cambridge, aliikata himoglobini vipande vipande na kukuta kwamba tofauti yote imo katika tofali moja. Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na mnyororo wa beta una asidi amino 146, ndizo tofali zake. Katika nafasi ya sita, penye asidi ya glutamiki yenye chaji hasi, S imeweka valini isiyo na chaji. Hakuna kingine. Ukiangalia kinasaba chenyewe, ni herufi moja iliyobadilika.

Sasa turudi kwenye swali la S kutoshuka. Jibu lake lilipatikana kwenu, kandokando ya ziwa, pamoja na pwani na nyanda za juu za Kenya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, katika Bonde la Ufa, na mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya. Yeye alichukua damu ya watu. Alipopanga matokeo yake aliona jambo lisilofanana na mipaka ya makabila wala ya lugha: karibu na Ziwa Victoria na katika pwani, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na miundu, lakini katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja. Madaktari H. Lehmann na A. B. Raper, waliokuwa wakifanya kazi Uganda, nao walikuwa wamekuta kiwango cha juu ajabu kwa Waamba walio magharibi ya Ruwenzori, karibu watu wanne katika kila kumi. Kilichofanana na ramani hiyo ni ramani ya malaria. Wazo kwamba ugonjwa wa kuambukiza unaweza kuhifadhi kasoro ya damu lilikwisha kutajwa na J. B. S. Haldane, Mwingereza aliyekuwa mwanahisabati na mwanabaiolojia kwa pamoja, akizungumzia thalasemia ya nchi za Mediterania. Allison alikuwa na watu halisi wa kuwapima.

Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake. Kati ya watoto 290 wa Buganda aliowapima, 43 walikuwa na miundu, na 12 kati yao, yaani chini ya asilimia 28, walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya wale 247 wasio na miundu, waliokutwa na vimelea ni 113, karibu asilimia 46. Alifanya pia jaribio ambalo leo lisingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili: aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye miundu na 15 wasio nayo. Katika kundi la pili waliougua ni 14. Katika kundi la kwanza ni wawili. Watafiti wengine waliorudia jaribio la namna hiyo hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho, na ubishi uliendelea kwa miaka. Umekwisha sasa. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, uliofuatilia watoto wengi kwa muda mrefu, ulionyesha kwamba mtoto mwenye AS anapata kinga ya takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali ile inayoua.

Ukishakuwa na ramani ya Allison mkononi, chukua kalamu. Waweke watoto 1,000 waliozaliwa katika nchi yenye malaria kali, zama zisizo na dawa wala chandarua. Nimechagua namba ili hesabu itoke vizuri: 756 wana AA, 227 wana AS, na 17 wana SS. Kadi zote ni 2,000. Za A ni 1,739 na za S ni 261, yaani asilimia 13. Chukulia kwamba wale 17 wote wanakufa kwa selimundu. Chukulia pia kwamba, ukilinganisha na wenye AS, malaria inaondoa asilimia 15 ya wenye AA, nao ni watoto 113. Tazama kadi zilizozikwa. Selimundu imezika kadi 34 za S, na malaria imezika kadi 226 za A. Kwa waliobaki, kadi za A ni 1,513 na za S ni 227, na ukiigawa 227 kwa jumla ya 1,740 unapata asilimia 13 tena. Waliobaki wakioana, hesabu ya Hardy inawarudisha pale pale: kati ya watoto wao 1,000, wale 17 watakuwapo, na wale 227, na wale 756.

Umeona kilichotokea. Kila kizazi jamii ilipoteza kadi za aina zote mbili kwa uwiano ule ule ziliopo, ndiyo maana uwiano haukubadilika. S haikubakia kwa kuwa kifo kimeisahau. Ilibakia kwa sababu kifo cha upande wa pili kilikuwa kikubwa zaidi, watoto 113 dhidi ya 17. Kwa jumla, ikiwa hasara ya AA ni s na hasara ya SS ni t, S hutulia penye q = s/(s + t). Wape wanafunzi wako waithibitishe. Haizidi mistari mitano. Fomula hiyo inasema pia kwamba mahali pasipo na malaria s ni sifuri, na q inaelekea sifuri, na hizo ndizo nyanda za juu alizoziona Allison.

Vimelea vinazuiwaje? Hapa sitakaa sana, kwa kuwa njia ni zaidi ya moja na uzito wa kila mojawapo bado unachunguzwa. Kimelea cha malaria kali huishi ndani ya seli nyekundu kwa saa 48, na katika nusu ya pili ya muda huo hujing'ang'aniza kwenye kuta za mishipa midogo iliyo ndani ya mwili, kusikokuwa na oksijeni nyingi. Ndani ya seli ya AS, oksijeni ikiwa haba, ukuaji wake unadumaa, na vikulabu anavyovituma juu ya ngozi ya seli ili vishike ukuta vinatoka vibovu, hivyo seli haijishikizi ukutani ambako kimelea kingekuwa salama, na bandama huipata na kuiondoa. Mpaka hapo ni habari njema kwa mwenye AS. Lakini vimelea navyo havikulala: uchunguzi wa watoto wenye malaria kali nchini Gambia na Kenya, uliochapishwa katika jarida la Nature, ulikuta kwamba wale wachache wenye AS walioshikwa sana walikuwa na vimelea wa jamii fulani, wenye mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba. Na katika pwani ya Kenya ilionekana kwamba mtoto aliyerithi AS pamoja na thalasemia ya alfa, ambazo kila moja peke yake inamkinga, anaikosa karibu kinga yote. Mtu aliyedhani mbili zikijumlishwa zitakuwa nguvu maradufu alikosea, nami nilikuwa mmoja wao.

Nisisitize jambo moja ambalo watu hulichanganya. Kinga ni ya mwenye AS. Mtoto wenu ana SS, na kwake malaria ni hatari kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, kwa sababu inampunguzia damu ambayo tayari ni chache. Chandarua na dawa ya kumkinga ambayo kliniki imempa visikosekane hata siku moja.

Sasa maji. Swali hili nalipenda, maana jibu lake ni fizikia tupu na linaingia jikoni kwenu. Himoglobini ya S ikiwa imebeba oksijeni haina tatizo. Ikishaiachia, ile valini inapata mfuko katika molekuli ya jirani na kujibandika, jirani naye anambandika mwingine, mpaka zinasukwa kamba za nyuzi 14 zinazoikakamaza seli kutoka ndani. Lakini kamba haianzi mara moja. Umewahi kuona mafuta ya nazi asubuhi ya baridi: yanakaa maji maji kwa muda, unadhani hayatabadilika, kisha kipande kidogo kikishaganda chupa nzima inafuata. Himoglobini iko hivyo. Kikundi cha kwanza cha molekuli ni kigumu kukusanyika, na mpaka kikusanyike unapita muda wa kusubiri ambao hakuna kinachoonekana. Kikishapatikana, kamba moja huzaa nyingine ubavuni mwake na mambo huenda kasi.

Mwaka 1974, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton waliupima muda huo wa kusubiri na kukuta jambo ambalo mwalimu wa hisabati atalifahamu thamani yake kuliko mimi: unategemea ukolezi wa himoglobini ndani ya seli kwa kipeo kikubwa mno, kati ya 15 na 30 kutegemea hali. Kwa mkato, ni kwa sababu kikundi cha kwanza kinataka molekuli nyingi zikutane kwa wakati mmoja, tena ndani ya seli iliyokwisha kujaa himoglobini pomoni. Fanya hesabu. Seli ikipoteza maji mpaka ukolezi ukapanda kwa asilimia 10, 1.1 kwa kipeo cha 15 ni zaidi ya 4, na kwa kipeo cha 30 ni zaidi ya 17. Muda uliokuwa sekunde nne unakuwa sekunde moja, au robo ya sekunde. Ukolezi ukishuka kwa asilimia 10, muda unarefuka mara tano hadi zaidi ya mara ishirini.

Na muda ndio kila kitu, kwa sababu seli nyekundu iko safarini. Hupenya mshipa mwembamba kuliko upana wake kwa kama sekunde moja, inaacha oksijeni, inatokea kwenye mshipa mpana na kurudi mapafuni kuchukua nyingine, ambako kamba zozote zilizoanza huyeyuka. Kundi hilo hilo la watafiti lilionyesha mwaka 1987 kwamba kama si muda wa kusubiri, karibu seli zote za mgonjwa zingekuwa zimejikunja kila zinapozunguka. Kinachomwokoa ni kwamba nyingi zinafika mapafuni kabla kamba haijaanza. Mtoto akipungukiwa maji mwilini, kwa homa, kuhara au kucheza juani bila kunywa, damu inavuta maji kutoka ndani ya seli na muda unafupika. Akipigwa na baridi, mishipa ya ngozi inajibana na safari ya seli inachelewa. Akipata maambukizi, seli zinanatanata kwenye kuta na kuchelewa zaidi. Nesi anayewaambia "maji, maji, maji" anauvuta ule muda urefuke kwa sekunde moja au mbili ambazo seli inazihitaji ili ipite. Ni kweli yana uzito wa dawa, ingawa hayachukui nafasi ya dawa, na mtoto akipata homa au kifua kikimbana msikae nyumbani mkimpa maji tu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mantiki hiyo hiyo utaielewa dawa ya hidroksiyurea, ikiwa bado hamjaandikiwa. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto New York, alishangaa kwamba watoto wachanga wenye SS hawaumwi katika miezi ya mwanzo, akahisi inatokana na himoglobini ya mimba ambayo mtoto huzaliwa nayo kisha inapungua. Alikuwa sahihi: himoglobini hiyo haiingii kwenye kamba. Hidroksiyurea, iliyotangulia kutumika katika saratani, inaurudisha uzalishaji wake kwa kiasi, na pia inazifanya seli ziwe kubwa, hivyo S iliyomo inazimuka. Ni kuyapunguza makali ya kile kipeo kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kulikuwa na hofu kwamba ingewazidishia maambukizi watoto wa Afrika, lakini utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Ulizeni kliniki kuihusu kwa jina. Matibabu ya kuhariri kinasaba yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 yanaifuata njia hii hii ya kuamsha himoglobini ya mimba, ila kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja huko Marekani sioni sababu ya kukuzungushia matumaini leo.

Utaniuliza: malaria ikimalizwa, S itaondoka? Itaondoka, lakini polepole kuliko unavyodhani, na hesabu yake ni nzuri kwa ubao. Ikiwa s ni sifuri na SS wote wanakufa, kila kizazi q mpya ni q/(1 + q). Geuza sehemu hiyo: 1/q inaongezeka kwa 1 tu kila kizazi. Ukianza na moja ya nane, kizazi kinachofuata ni moja ya tisa, kisha moja ya kumi, na ili ifike moja ya kumi na sita unahitaji vizazi vinane, karibu miaka 200. Sababu ni kwamba kadi za S zinavyopungua, ndivyo nyingi zaidi kati ya zilizobaki zinavyokuwa mikononi mwa wenye AS, ambako kifo hakizifikii. Na tukiwatibu wenye SS wakakua na kuzaa, kama tunavyotaka, zitapungua polepole zaidi ya hapo. Kwa hiyo kliniki za selimundu za kanda ya ziwa zitakuwa na kazi kwa wajukuu wa wajukuu wetu hata kama mbu wa mwisho angekufa kesho.

Kuhusu dada yako na mumewe: kwa kuwa mtoto ana SS, wote wawili ni karibu hakika AS, na kila mimba ni kura mpya yenye nafasi moja kati ya nne ya kupata SS, bila kujali ya kwanza ilitokaje. Ndugu zake wengine wapimwe, na wapimwe kwa kipimo cha umeme, si kwa kile cha kioo na miundu, maana nimekwisha kukueleza kilivyomwonyesha mchezaji mpira wetu sawa na mgonjwa. Atakayekutwa na AS alale ndani ya chandarua kama wengine, na majibu yake yahifadhiwe vizuri pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu atayahitaji siku atakapoleta mchumba nyumbani.